Naweza kutalii Skyrim bila kupigana?

Swali: Mtaalamu, salaam. Nimecheza gemu ya Skyrim wiki tatu sasa na nimegundua kwamba vita havinipendezi hata kidogo. Ninachokipenda ni nchi yenyewe: milima, mito, ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku. Lakini kila nikijaribu kutembea kwa raha zangu, ama nauawa, ama najikuta nimefungua ramani na kurukia mji mwingine, siku inaisha sijaona kitu. Je, mtu anaweza kuwa mtalii tu humo ndani? Nianzie wapi? Na picha zisizo na ile dira juu ya kioo zinapigwaje? Natumia kompyuta.

Jibu: Ndugu yangu, inawezekana, na wala si wewe wa kwanza kuuliza. Naitembelea gemu hii tangu ilipotoka Novemba 2011, na yule mhusika wangu wa utalii mpaka leo hajui hadithi kuu inaishaje. Ana upinde mmoja, viatu vya manyoya na mfuko uliojaa maua ya kuchuma njiani. Nitaanza na ramani, kwa sababu hiyo ndiyo inayokuibia safari kuliko hata majambazi.

Skyrim ni nchi ndogo. Ardhi yake yote inakadiriwa kuwa kilomita za mraba 37 hivi. Ingekuwa mraba kamili, kila upande ungekuwa na kilomita sita tu. Ila ukiwa ndani unaapa kwamba ni nchi nzima. Milima imepandwa kati ya bonde na bonde, barabara zimepindwapindwa, na ukungu unashuka pale ambapo jicho lingefika mbali mno. Kampuni ya Nintendo, walipoeleza mwaka 2017 jinsi walivyoijenga gemu yao ya Breath of the Wild, walisema wameijaza ardhi yake maumbo ya pembetatu: kilima kinaficha kilicho nyuma yake, msafiri anakizunguka au anakipanda, kitu kipya kinachomoza, naye anavutwa kukifuata. Skyrim ilitangulia, lakini mchezo wake ni uleule wa kuficha na kufunua. Sasa wewe ukifungua ramani na kubonyeza jina la mji, umeyaruka yote hayo. Unabaki na miji, na tuseme ukweli, miji ya Skyrim ni vijiji vilivyozungushiwa ukuta. Uhondo uko njiani.

Ukubwa peke yake hausaidii kitu. Daggerfall, gemu ya mwaka 1996 ya ukoo mmoja na Skyrim, ina ardhi ambayo waundaji wake waliilinganisha na kisiwa cha Uingereza, kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyoachiwa kazi ya kuitandaza. Niliwahi kujaribu kutoka mji mmoja hadi mwingine humo kwa miguu. Nyasi, mti, nyasi, mti. Niliacha hata nusu sijafika.

Kwa hiyo jiwekee mwiko: ramani ni ya kutazama, si ya kusafiria. Hata lile gari la farasi linalosubiri nje ya mazizi ya mji wa Whiterun, ambalo kwa sarafu 20 hukupeleka mji wowote mkubwa, liache. Unapanda, kioo kinakuwa cheusi, unashuka umefika, barabara hukuiona. Kisha ingia kwenye mipangilio ya onyesho utafute mwonekano wa alama za kwenye kioo, uushushe hadi sifuri. Dira inatoweka, na vile vijialama vyeusi vya mapango vinavyokuita huku na kule vinatoweka nayo. Siku ya kwanza utajiona kama kipofu. Siku ya pili utaanza kusoma vibao vya mbao kwenye njia panda, ambavyo vimekuwepo muda wote na majina ya miji yameandikwa juu yake, na utajua kwamba mlima mrefu kuliko yote, Throat of the World, unaonekana karibu kutoka kila upande na unatosha kuwa dira yako.

Jingine dogo: mwendo wa kawaida wa mhusika ni kukimbia. Bonyeza Caps Lock atembee. Usitembee hivyo saa zote, utachoka, lakini kwenye daraja, ukingoni mwa ziwa, au alfajiri inapoingia, tembea. Saa za Skyrim zinakwenda mara 20 ya saa zetu, maana yake siku nzima ya huko ni dakika 72 za kwako. Lile saa moja la jioni ambalo jua linapaka milima rangi ya dhahabu unalo kwa dakika tatu. Ukilikimbia, ndiyo limekwisha.

Haya, tuje kwenye kuuawa. Mtalii ana faida ambayo wapiganaji hawana. Maadui wengi wa Skyrim hupimwa kwa kiwango chako, yaani daraja la uwezo ulilofikia. Asiyepigana hapandi kiwango haraka, na mwenye kiwango cha chini hukutana na mbwa mwitu na wanyang'anyi wa kawaida badala ya vigogo. Shusha na ugumu wa gemu hadi chini kabisa, hakuna hakimu atakayekuuliza. Lakini siri kubwa zaidi ni ya majoka. Ukishaliona lile la mwanzo kabisa linalochoma Helgen, mji ambako gemu inaanzia, mengine hayaanzi kuzurura angani hadi utimize misheni ya Jarl, yaani mtawala, wa Whiterun, ile ya kwenda kwenye mnara wa magharibi kuliua joka. Usipoitimiza, anga ni lako. Misheni hiyo inafuata baada ya kumletea mchawi wa Jarl lile jiwe la kale analolitaka, basi usimletee. Avumilie. Na kama katika wiki zako tatu umeshalipita hilo, anzisha mhusika mpya, maana safari ninayokupangia inaanzia Helgen hata hivyo.

Majitu nayo yanaogopwa bure. Utayaona kwenye nyanda za Whiterun yakichunga mamothi, wale tembo wenye manyoya, yanatembea taratibu kama wazee wanaotoka shambani. Hayana shida nawe mpaka uyasogelee mno. Likiinua rungu, hilo ni onyo: rudi nyuma. Asiyerudi hurushwa angani juu kiasi cha kuona nchi yote kwa mara moja, ambayo nayo ni namna ya utalii, ila tiketi yake ni ghali. Kaa mbali kidogo utazame. Ukibahatika utakutana na mkulima anampeleka ng'ombe aliyepakwa michoro ya rangi ubavuni. Ni sadaka kwa majitu, ili yasiingie mashambani. Hakuna atakayekueleza habari hiyo kama hukusimama kumuuliza mwenye ng'ombe.

Ukihisi bado unahitaji mlinzi, pale kijiji cha Riverwood kuna vijana wawili, Faendal na Sven, wanaogombea msichana mmoja. Chagua upande katika ugomvi wao wa barua, na yule uliyemsaidia atakubali kufuatana nawe bila malipo. Mimi humchukua Faendal. Ni mpiga upinde, anamaliza mbwa mwitu kabla sijawaona, na hapigi soga sana.

Sasa njia yenyewe. Ushauri wangu kwa kila anayeanza ni mmoja: fuata maji. Mto wa White River unaanzia ziwa Ilinalta upande wa kusini na kuishia baharini kaskazini mashariki, na ukiandamana nao hutapotea hata ukitaka. Ukitoka pangoni chini ya Helgen, teremka na barabara mpaka ufike kwenye mawe matatu yaliyosimama duara juu ya kijilima, mawe ya Shujaa, Mchawi na Mwizi. Wengi huligusa mojawapo, hupata nguvu zao, hao wanaondoka. Wewe simama kati yake uelekee ziwani. Kulia kwako maji yanaanza kusogea polepole, yanabanwa na mawe, yanapata sauti. Mto umezaliwa mbele ya macho yako. Na ng'ambo ya pili, juu kabisa mlimani, kuna matao meusi ya mawe kama mbavu za nyangumi: ni Bleak Falls Barrow, makaburi ya kale. Yaache huko juu. Kwa mbali ni mazuri zaidi, ndani ni buibui na maiti zinazotembea.

Riverwood utakipita baada ya muda mfupi. Kijiji cha gurudumu la maji na msumeno wa mbao. Hapo shuka barabarani, ukae ukingoni mwa maji. Karibu na maporomoko, samaki aina ya salmoni huruka juu wakijaribu kuupanda mto. Ukiwa na wepesi unaweza kumdaka mmoja akiwa hewani. Mimi nilikaa hapo usiku mzima wa kwenye gemu, nikikosa.

Kutoka Riverwood barabara inavuka daraja na kuanza kuteremka ikijizungusha, mto ukianguka kando yake kwa ngazi za povu. Ukuta wa mwamba uko upande mmoja, misonobari upande wa pili, na huoni zaidi ya hatua chache mbele. Halafu unapinda kona, na kila kitu kinafunguka. Uwanda mkubwa wa majani ya rangi ya mchanga, mashamba chini yako, na katikati yake mji wa Whiterun umekaa juu ya kilima, jumba la Dragonsreach likiwa kileleni kama merikebu iliyokwama juu ya jabali. Kona hii ndiyo ninayoipigia mfano kila mtu anaponiuliza kwa nini asiruke na ramani. Watengenezaji wamekunyima macho kwa dakika kadhaa ili wakurudishie yote kwa mpigo. Anayeufikia mji kwa kubonyeza jina anatokea langoni na kuuona ukuta.

Mjini usiingie kama huna haja. Mto unageuka mashariki, nawe geuka nao. Uwanda unabanwa na kuwa korongo, na juu ya maji unaona minara miwili, mmoja kila upande, imeunganishwa kwa kidaraja chembamba cha mawe. Panaitwa Valtheim Towers. Ndiyo picha ya mto huu ninayoipenda kuliko zote, na ndipo penye kero kuliko pote, kwa kuwa minara hiyo imekaliwa na wanyang'anyi wanaodai ushuru wa barabara. Lipa kama unazo. Kama huna, vuka upande wa pili wa mto kabla hujafika, upite chini kwa chini usiku. Mimi hulipa. Naona ndicho kiingilio pekee nchi nzima.

Baada ya hapo maji yanaanguka kwa kelele hadi jimbo la Eastmarch, na nchi inabadilika kabisa. Skyrim ina majimbo tisa, na mabadiliko kati yao si ya jina tu. Hapa udongo unageuka rangi ya kutu na salfa, miti inapungua, ardhi imepasuka na kutoa mvuke. Ni nyika ya volkano yenye mabwawa ya maji moto. Kuna kambi ya wawindaji ambao utawakuta wamekaa ndani ya maji hadi mabegani, wametulia, mizigo yao kando. Vua silaha, ingia, kaa nao. Hakuna misheni hapo, hakuna zawadi, na ndiyo maana wachezaji wengi hawapajui. Karibu yake pana pango la Eldergleam, ambalo ndani yake hakuna adui hata mmoja ukiingia kwa amani: kuna mti mmoja wa kale sana, mkubwa, umejaa maua ya rangi ya waridi, maji yanatiririka kandokando, na mahujaji wawili wamekuja kuutazama tu kama wewe. Ila usithubutu kuukata mti huo. Pepo wa msituni watakutokea kwenye magome.

Ukirudi mtoni na kuelekea kaskazini utakuta theluji, kisha daraja refu la mawe la Windhelm, mji mzito wa kijivu. Chini ya daraja, White River ileile uliyoiona ikizaliwa inatambaa kati ya vipande vya barafu na kuingia Bahari ya Mizimu. Safari hiyo, kwa mwendo wa kitalii, ni jioni mbili au tatu za kucheza.

Mlimani usikimbilie. Upande huuhuu wa Eastmarch kuna mto mwingine, Darkwater, unaoingia White River. Huo unatoka ziwa Geir, kwenye kijiji cha Ivarstead, katika jimbo la Rift ambako miti ina magome meupe na majani ya dhahabu mwaka mzima. Ivarstead ndiko zinakoanzia Ngazi 7,000 za kwenda High Hrothgar, jengo la watawa mlimani. Usihofu idadi hiyo: ni ya kwenye simulizi, waliozihesabu wameambulia mia saba na ushei. Njiani kuna mawe kumi yenye maandishi. Yasome yote kumi, usiruke hata moja, kwa sababu ukimaliza la mwisho pale mbele ya jengo unapata baraka: kwa saa 24 za kwenye gemu, wanyama hawakushambulii wala hawakukimbii. Kwa mpiga picha hiyo ni hazina. Unateremka mlima na kulungu wamesimama wanakutazama. Kilele chenyewe kimezibwa na dhoruba ya ukungu hadi hadithi kuu ikufikishe, kwa hiyo usihangaike kukilazimisha. Na katikati ya njia kuna zimwi la barafu lenye mikono mirefu, ambalo mimi na Faendal tumeshindwa kuelewana nalo mara nyingi. Sevu gemu kabla ya kona nyembamba yenye kuta za theluji pande zote mbili, kisha kimbia.

Mahali paitwapo Blackreach nakutajia ili usije ukasema nilikuficha. Ni pango kubwa mno chini ya ardhi, uyoga wake umekuwa mrefu kama miti na unang'aa buluu, na juu ya mji wake wa kale inaning'inia taa kama jua dogo. Hakuna mahali pengine pa kufanana napo. Lakini milango yake inapitia magofu yaliyojaa mashine na viumbe vipofu vinavyoua, na mtalii asiye na kiwango hafiki. Hiyo iwe baadaye sana. Mji wa Solitude, kinyume chake, nenda mapema, ila uutazame kutoka chini, upande wa kinamasi cha Hjaalmarch: kutoka hapo unaona kwamba mji umejengwa juu ya tao la mwamba na merikebu zimetia nanga chini yake. Aliye ndani ya mji wala hajui kama amesimama juu ya daraja.

Upande wa picha. Kwenye kompyuta una bahati, kwa sababu kitufe kilicho kushoto mwa namba 1 kinafungua sehemu ya kuandika amri. Sevu kwanza, sikuzote. Andika tfc 1 ubonyeze Enter: dunia inaganda, matone ya maporomoko yanabaki hewani, na kamera inaachana na mwili wako ikawa huru kupaa. Hapo watu wengi hupaa mbali na kuvunjika moyo. Kuna sababu. Gemu haiitunzi nchi yote ikiwa hai kwa wakati mmoja. Imeigawa katika vipande vya mraba, na inavipakia kikamilifu vile vilivyokuzunguka tu, vitano kwa vitano, wewe ukiwa cha katikati. Nje ya hapo milima ni maganda yaliyorahisishwa na miti ni picha bapa zilizosimamishwa. Kamera ikipaa peke yake, mwili umebaki nyuma, kwa hiyo unafika kwenye nchi isiyo na nyasi wala watu. Peleka mwili kwanza, ndipo uachie kamera, na usiipeleke mbali zaidi ya unakoweza kurusha jiwe. Hata bila amri yoyote unaweza kuiona mishono hiyo: simama uwandani Whiterun, chagua mti mmoja wa mbali, uuendee polepole bila kupepesa macho. Kuna hatua moja ambayo karatasi inageuka kuwa mti.

Kamera ikiwa mahali pake, andika tm. Amri hiyo inaficha kila kitu kilichochorwa juu ya kioo, picha inabaki tupu na safi. Ila tahadhari: inaficha pia ile sehemu yenyewe ya kuandikia amri. Mara ya kwanza nilidhani kompyuta imekwama, nikaizima kwa nguvu, nikapoteza safari nzima ya kutoka ziwani. Haikuwa imekwama. Sehemu ya kuandikia bado ipo wazi, ni wewe tu huioni. Andika tm tena, hivyohivyo gizani, ubonyeze Enter, na maandishi yatarudi.